Maelezo kwa Atakayenishikia Darasa

Ufunguo uko kwa Bibi Tsiala, nyumba yenye mbwa asiyebweka.
Chaki nimezificha nyuma ya jiko, si kwa uchoyo:
theluji ikianza kuyeyuka, unyevu huzilainisha kama jibini.
Watoto ni tisa. Mmoja hasemi. Nitamfikia.

Usianze na kitabu.
Kitabu kinamjua kijana mmoja anayepanda basi jekundu kila asubuhi,
na hapa Svaneti basi likifika juu mwezi wa Januari
tunapiga kengele ya kanisa.
Anza na jiko. Mwili utangulie, kinywa kitafuata.
Inuka. Lete gogo. Fungua mlango wa jiko. Funga, upesi!
Sema kwa Kiingereza, na uinuke wewe kwanza.
Juma la pili kaa kitini, waamrishane wao.
Murza atakuamuru wewe. Mtii.

Ile sauti ya ulimi katikati ya meno,
ambayo Kijojia hakina,
usiieleze. Gawa mbegu za alizeti.
Kila mmoja aibane yake kwa meno, ncha ya ulimi iiguse,
apulize bila kuidondosha.
Asiyeidondosha ataila.
Utafagia sana.

Kisha vile vibandiko viwili vya mbele ya jina,
vilivyoninyima usingizi miaka ishirini na sita.
Chukua kiazi guniani. Kimoja, chochote.
Kichoree macho na masharubu.
Mrudishe guniani, tikisa,
mwambie Nargiza amtafute.
Atakapomtoa mwenye masharubu na kupiga kelele,
hapo, ndani ya kelele hiyo, mpe neno.
Si kiazi tena. Ni kiazi kile.

Mtu akikosea usimkatize.
Inua mkono, kila kidole neno moja,
kishike kidole chenye kosa, nyamaza.
Atarudi mwenyewe.
(Kidole changu cha pili, cha kitenzi, kimechakaa.)
Na ukiuliza swali, hesabu boriti za dari kabla hujasaidia.
Ziko saba. Mimi nilikuwa naishia ya tatu,
na sina dhambi kubwa kuliko hiyo katika kazi hii.

Kwetu yeye ni yeye, awe fahali au bibi harusi,
ndiyo maana Beka alimfanya bibi yake mwanamume
mbele ya mkaguzi.
Bibi alipopata habari alisema, mwacheni,
nimepasua kuni peke yangu tangu mwaka wa mafuriko,
sioni alipokosea.

Imla: bandika aya ukutani, mwisho wa ujia.
Mmoja akimbie, asome, arudi amtajie mwenzake aandike.
Ujia hauna jiko.
Hutahitaji kumhimiza mtu.

Sasa Jokia.
Usimwombe aseme. Mpe penseli:
wenzake waeleze picha, yeye achore anachosikia,
daraja, ng'ombe wawili, mtu mwenye kofia.
Huchora kila kitu, hata makosa yao;
ng'ombe wakivaa kofia, utaona kofia.
Mwaka jana, Mei, mgeni mwenye shanta kubwa
alikuwa akiteremka kuelekea mtoni,
na daraja lilikuwa limekwenda na maji usiku.
Jokia alitoka zizini. Alisema maneno manne.
Kitenzi hakikuwamo, vibandiko havikuwamo.
Mgeni akageuka, akapita njia ya juu.
Nilisimuliwa na mgeni mwenyewe, akinywa chai kwa kina Nargiza.
Jokia hajanitajia mpaka leo, nami sijamuuliza.
Alama sikumpa.
Nilimwongezea penseli.

Goti langu litapasuliwa Zugdidi Jumanne. Wanasema wiki sita,
lakini daktari ni mwanafunzi wangu wa zamani
na hesabu hazikuwa zake.
Ukikuta gunia limepungua, na yule mwenye masharubu hayumo,
usimgombeze mtu.
Uliza wamempanda wapi.
Hesabu boriti.