Koleo

Siku ya tatu Gesine aliomba daftari.
Daktari alikuwa amempa kazi moja tu:
akae dirishani, asifanye kitu,
atazame misonobari ikipokea theluji.
Akalichora daftari safu kwa rula:
tarehe, saa ya kuanza, dakika za utulivu,
na pembeni, kwa penseli, alama. Saba juu ya kumi.
Kesho nitafika nane, akasema.

Nyumba yenyewe iko juu ya bonde, Msitu Mweusi,
kusini mwa Ujerumani, na wageni wake
hawaugui mapafu wala figo.
Ni watu walioamka asubuhi moja
wakakuta mkono haufiki kwenye kiatu.
Yeye alikaa ukingoni mwa kitanda, Stuttgart,
mguu mmoja na soksi, mwingine mtupu,
mpaka kengele za saa sita mchana.

Ni mhandisi. Miaka kumi na tisa
amekuwa akibuni breki za treni.
Alipolisema hilo mezani, Wendelin,
mwalimu mkuu mstaafu, aliichekea supu yake,
kisha akaomba radhi. Yeye mwenyewe
husahihisha orodha ya vyakula kwa wino mwekundu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Sawa. Aliinama.
Akainama shuleni, akainama chuoni,
akainama hadi mgongo ukadhani huko ndiko kusimama,
na hakuna aliyemwambia mvungu ule
una mwisho wapi, wala mna nini.
Na mchumia juani, si hulia kivulini?
Kivuli ndicho hiki. Kiti ndicho hiki, na blanketi la sufi.
Sahani imefunikwa, bado ya moto.
Aliyebaki juani ni mlaji.

Zamani mnyapara alikuwa na kofia, na jina;
akienda kunywa maji uliegemea jembe.
Huyu wa sasa haendi popote.
Huvaa shati lako, hukesha ndani ya usingizi wako,
hukusifu ili akutume.
Utamgomea vipi? Bango utaliinua
mbele ya kioo cha bafuni?

Lugha hii ninayomwandikia, asiyoijua,
ina faraja yake: kuvunjika kwa koleo
si mwisho wa uhunzi.
Nimewapa wengi maneno hayo,
walioanguka mtihani, waliofunga duka,
nikijiona mwema.
Leo naona faraja ile ilikuwa ya mhunzi.
Atanunua lingine; moto hautambui tofauti.
Koleo lenyewe hakuna aliyeliuliza
kama liliupenda ule wekundu,
au kama, lilipokuwa udongo wa chuma kilimani,
likinyeshewa tu,
lilipungukiwa na nini.

Siku ya tisa ndege mmoja, mkubwa kidogo,
bawa lake na kiraka cha buluu,
alitua kwenye tawi, na theluji yote ikaporomoka.
Tawi likapanda, likashuka, likapanda kidogo,
likashuka kidogo zaidi.
Aliporudi kwenye daftari chai ilikuwa imepoa
na hakujua alianza saa ngapi.
Safu ya dakika akaiacha wazi.
Kwenye alama aliandika: *sijui.*
Akalitazama neno hilo kwa muda,
kisha, kwa rula,
akalipigia mstari.