Pembeni mwa Picha

Alhamisi, juu ya duka la mikate, Kutaisi,
picha zetu huning'inia kwa vibanio vya nguo
na kila mtu husubiri zamu yake kama mgonjwa.

Yangu: baba akimenya komamanga jikoni.
Nilitaka wasifu mwanga. Wakausifu.
Kisha Lamara, fundi cherehani mstaafu,
akasogea mpaka pua ikakaribia karatasi:
"Mkono wa kushoto umeuacha nje.
Ulikuwa unafanya nini?"

Nilijibu kwa hasira ya mtu asiyejua.
Nikashuka ngazi bila kuaga, harufu ya mkate ikinifuata,
njia nzima nikimfumua yeye, uzi kwa uzi.

Nyumbani nikazifungua nilizokuwa nimezikataa.
Katika ya saba upo, mkono wa kushoto:
umeng'ang'ania ukingo wa meza
kama wa abiria aliyekosa kiti.
Miezi mitatu baba anatetemeka,
nami napima mwanga.

Alhamisi iliyofuata niliitundika ya saba.
Ina ukungu kidogo. Lamara hakusema kitu;
aliinyoosha pembe iliyojikunja, akarudi kitini.

Ikaja zamu ya Gocha, miaka kumi na sita,
mbwa wake katikati ya theluji, katikati kabisa,
na masikio ya kijana yameshakuwa mekundu.
Nilikuwa na neno kali tayari, tamu mdomoni.
Nikalimeza. Nikasogea.
"Hizi nyayo hapa pembeni," nikamwuliza,
"ni za nani?"