Daftari la Taimi

Theluji imeanza kuoza.
Neno hilo ni lako; mimi ningesema inayeyuka,
lakini wewe uliinusa kutoka mlangoni
ukasema, imeoza, tufungue madirisha.

Nimeyafungua, Taimi.
Fremu za ndani kwanza, kwa bisibisi,
nikabandua utepe wa karatasi tulioubandika Oktoba.
Katikati ya vioo viwili nimekuta
ile pamba uliyoitandaza inyonye unyevu
na nzi kumi na mmoja wamelala chali juu yake
kama wageni wa sauna.

Daftari liko mezani, limeegemezwa kwenye birika.
Siki kikombe kimoja, maji vikombe vitatu.
Kausha kwa gazeti kuukuu, si kitambaa.
Usisugue jua likiwa kwenye kioo.

Nilisugua jua likiwa kwenye kioo.
Michirizi imebaki, ziwa lote lina mikunjo.

Miaka arobaini na minne
nimeishi ndani ya nyumba safi
nikidhani nyumba hujisafisha yenyewe,
kama paka.

Sasa cha mvunguni kimenitaka niiname:
magoti yakalia, tochi mdomoni,
nikatoka na soksi yako moja ya kijivu.
Nimeifua peke yake.

Magadi kwa sinki, yaache usiku kucha.
Limau na chumvi kwa sufuria ya shaba.
Jivu la betula kwa sakafu ya mbao,
lichekeche kwanza,
na usichanganye jivu la magazeti, Veikko.

Veikko.
Umeniandika.
Katikati ya jivu na sakafu, kwa wino uleule,
ulijua nani angekuja kusoma.
Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa
mpaka maji ya kupigia deki yakapoa,
nikayachemsha upya.

Hilkka wa ng'ambo ya barabara ameleta chupa ya dukani,
ya buluu, inayoua kila kitu, anasema.
Nimemshukuru, nimeiweka bandani.
Nyumba hii imekwisha kunusa hospitali ya kutosha.

Ukurasa wa mwisho ni bustani.
Umeichora kwenye karatasi ya miraba, mwezi wa tisa,
ulipokuwa huwezi tena kufika kisimani
lakini mkono bado ulifika:
karoti kaskazini, vitunguu jirani yake wafukuze wadudu,
viazi mbali na vilipolala mwaka jana,
njegere kando ya ukuta wa sauna, zipate joto.
Na kati ya kisima na banda la kuni
mraba mmoja mtupu,
ndani yake alama ya kuuliza.

Nimeuzunguka mraba huo wiki nzima.
Maua? Kabeji? Benchi?
Nimempigia simu Marjut, huko Tampere.
"Baba," akasema, "labda Mama alikuwa hajui tu."

Hilo sikulifikiria kamwe,
kwamba kuna kitu ulikuwa hukijui.

Viazi nimevipanga kwenye trei za mayai,
dirishani, penye michirizi.
Vinatoa macho, mafupi, ya zambarau,
vinanitazama ninavyokunywa kahawa.
Jina lako kwa lugha yetu ni mche.
Sikuwahi kulisikia hivyo nilipokuita uje kula.

Ardhi bado ngumu, sepetu inalia ikiigusa.
Asubuhi korongo wawili wamepita juu ya barafu
wakipiga kelele kama bawaba zisizo mafuta,
na mimi, na kopo la mafuta ya kitani mkononi,
nilikuwa nikipaka bawaba.
Ningependa ungeona.

Kesho mazulia, nje, juu ya theluji iliyobaki.
Umeandika: yapige kwa nguvu, usiyahurumie.
Sabuni ya msonobari ingoje ziwa lifunguke.

Jivu lililobaki nimelibeba jioni kwa karai
nikalimwaga kwenye ule mraba,
palepale theluji ilipoondoka mapema kuliko kwingine.
Daftari halikusema.
Nimesimama pale, viatu vyeusi kwa matope,
kisha nikavivua mlangoni,
maana sakafu nimeisugua mwenyewe.