Giza Kati ya Picha na Picha

Duluth, Januari. Ziwa limeganda hadi kwenye mnara wa taa
(ziwa la kwetu halijui kuganda),
na waliokuja sinema usiku huu ni saba.
Nimewahesabu kupitia tundu la chumba cha projekta
kama baba alivyohesabu washarika siku za mvua, Kamachumu,
asipunguze hata mstari mmoja wa liturujia.

Filamu ni ya mama mpiga kinanda wa kanisa.
Amefiwa na mwanawe. Kila Jumapili anapiga,
ila akifika kwenye Amina anainua vidole,
wengine wakaimalizia bila kinanda.

Mimi pia. Tangu simu ile ya saa tisa usiku,
habari za Kokushubira.

Mashine hii imenifunza lisilokuwemo kwenye kipaimara:
kati ya picha na picha, kibati huziba taa.
Kila sekunde, mara ishirini na nne, giza,
na mtazamaji hana habari.
Karibu nusu ya filamu amekaa gizani akidhani anaona.
Kiondoe kibati, nuru imwagike bila kukoma,
uso wa mtu unageuka mchirizi.

Nilimweleza baba kwa simu. Akanyamaza,
nikadhani mtandao umekatika.
"Kumbe kazi yako ni kulinda giza," akasema.
Hadi leo sijui kama alinikemea.

Saa tatu na robo mkanda ukakatika,
vidole vya mama vikiwa hewani.
Skrini ikabaki nyeupe, na mshono wake upande wa kushoto,
Gunhild wa tikiti aliushona kwa uzi wa kuvulia samaki.
Nuru haikuuruka mshono.
Na skrini yenyewe imefanya nini?
Imetundikwa. Inaangukiwa.

Hakuna aliyeondoka.
Naunga mkanda, Gunhild akapanda ngazi, magoti yakimlia,
akaniwekea kahawa kwenye kifuniko cha chupa.
Imepoa. Haina sukari.
Hakuniuliza naamini nini;
Walutheri wa huku hawaulizi, wanaleta kahawa.

Nikawasha. Mama akainua vidole,
kanisa la kwenye filamu likaimba lililobaki,
na kule chini mmoja wa wale saba, sikumwona nani,
akaimba nao kwa sauti iliyopotoka kabisa.

Kinywa changu kilijaa kahawa.
Sikuharakisha kuimeza.