Vitanga Viwili

Mhasibu wangu, Bwana Quintela, haamini kitu kisichoandikika.
Kila Desemba hupanda ngazi za karakana akihema,
mwavuli ukimchuruzika, daftari kavu kwapani,
na mwaka huu kidole chake kimetua juu ya mstari mmoja:
"Deolinda, huyu mwanagenzi wa Mongolia
alituletea nini?"

Nauza mizani, bwana. Babu yangu aliuza mizani
hapa hapa Viseu, mvua hii hii ikipiga vigae.
Swali la uzito silikimbii.
Tupime basi.

Kitanga cha kushoto: posho ya miezi sita,
chumba kwa mjane wa ghorofa ya pili, tiketi za basi,
mihuri, fomu, foleni tatu za uhamiaji
(ya tatu nilipanga mimi, na karani nilimtukana),
springi kumi na nne alizozikunja kinyume wiki ya kwanza,
akaenda kulia chooni, bomba kalifungulia tusimsikie.
Tulimsikia.
Kitanga kimeshuka mpaka mezani. Nakiri.

Sasa kulia.
Abílio unamjua. Miaka arobaini na moja
anarekebisha mizani kwa sikio:
hugonga chuma kwa ukucha, husikiliza,
hukaza skrubu robo, basi.
Hatukuwahi kumuuliza anasikia nini.
Tulimkuta pale; nani huuuliza ukuta kwa nini umesimama?

Solongo aliuliza.
Kireno chake kilikuwa na maneno sitini,
na alilolipenda kuliko yote ni "kwa nini".
Kwa nini robo? Kwa nini si nusu?
Kwa nini ukucha, si nyundo?
Abílio akafura, akaenda kuvuta sigara, akarudi,
na kwa mara ya kwanza tangu nimjue
akatafuta maneno.
Aliyatoa moja moja, kama mtu anayejichomoa miiba,
naye binti akiyaandika, akichora pembeni,
kurasa tisini na mbili,
herufi za kwao zikidondoka wima kama mvua,
Kireno kikiloa chini yake.
Machi, Abílio alipopasuliwa mtoto wa jicho
akakaa nyumbani wiki tano,
hatukufunga hata siku moja.
Hilo liandike, Quintela. Kuandika unajua.

Na wale watengeneza jibini wa mlimani
waliotürudishia mizani kila Januari,
nasi tukicheka: mikono mizito ya wachunga kondoo!
Solongo alishika moja iliyobaki rafuni, akainusa grisi,
akasema kwao baridi huuma chuma.
Mjomba wake hupimia sufu nje,
na grisi kama hii huganda,
ulimi wa mizani ukasema uongo bila kukusudia.
Tukabadilisha grisi. Senti chache kwa kopo.
Januari ya mwaka huu hakuna aliyerudisha kitu.
Miaka kumi na tisa ya kicheko chetu,
hiyo niiweke kitanga gani?
Wahenga walisema mgeni akija, mwenyeji hupona.
Hawakusema kwamba kwanza huona haya.

Quintela amefunika kalamu. Anaitazama mikono yangu
niliyoiinua bila kujijua,
mmoja juu kidogo, mmoja chini kidogo.
"Huu wa chini ni upi?" anauliza.
Simjibu. Namwambia aandike posho nyingine, ya Septemba:
kijana wa Paraguai, baba yake fundi saa.
Sijui atatuuliza nini. Ndiyo maana namlipa.

Anashusha pumzi. Anaandika.

Huko chini karakana imenyamaza.
Kisha ukucha juu ya chuma: ti.
Na sauti ya Abílio, peke yake,
hakuna mtu mbele yake:
"Kwa nini?"