Silinda ya Tatu

Razmik hasikii tena sauti nyembamba.
Mitambo ya kufuma ilimla masikio
miaka thelathini na mmoja kule kiwandani,
ikamwachia ngurumo, na milango inayobamizwa.
Ndiyo maana nimeitwa, unga ungali vidoleni,
nije nimsikilizie Zhiguli.

Gyumri, Februari. Banda la mabati limeganda,
pumzi zetu zinatutangulia kuingia.
Ananipa bisibisi ndefu:
"Ncha kwenye chuma, mpini sikioni.
Kisha uniambie anasema nini."

Juu, kwenye valvu: chiki-chiki-chiki,
cherehani ya mama.
Huo ni uzee tu, hauna matibabu.
Ubavuni pampu ya maji inalalama kidogo.
Nashuka chini, karibu na sampu,
na huko

ko. ko. ko.

kama mtu aliyefungiwa chumbani
anayebisha bila pupa
kwa kuwa anajua tupo.

Razmik anachomoa waya wa plagi ya kwanza.
Injini inachechemea; ko iko palepale.
Anaurudisha. Wa pili: ko.
Wa tatu

hakuna.
Gari zima linatetemeka kwa miguu mitatu iliyobaki
lakini yule wa ndani ameacha kubisha.

Mume wangu ananitazama midomo.
Nikasita, sitaficha.
Nikisema, atalala chali juu ya saruji hii
mwezi mzima, na kiuno kile, na kikohozi kile,
na Artavazd atapiga simu kutoka Krasnodar:
baba, si nilikwambia uliuze chuma chakavu?
Nisiposema, siku moja kwenye mteremko wa Spitak
konrodi itatoboa ubavu wa injini
tukiwa na viazi vya watu nyuma.

Nikanyoosha vidole vitatu vyeupe.

Oili tuliimwaga ingali vuguvugu,
tukaichuja kwa soksi yangu ndefu ya nailoni,
ile ya harusi ya Heghine, iliyochanika kisigino.
Akapitisha sumaku. Haikuokota kitu.
Nikaanza kushukuru,
akainamisha taa:
nailoni yote ikameta,
vumbi la shaba, laini kama poda ya bibi harusi.

"Sumaku haili shaba," akasema, taratibu,
kama anayemwambia mtu habari za nduguye.
"Ni beringi. Krenki inazunguka uchi."

Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa.
Hapa nguo yenyewe ndiyo iliyoliwa.

Akalaza kiganja juu ya boneti, kwa muda.
Nadhani kupitia mkononi alikuwa akisikia
kitu ambacho mimi, na masikio yangu mazima,
sikukipata.

Chujio amelipasua kwa kisu changu cha mkate.
Nimemwambia asikirudishe jikoni.
Kesho, theluji ikipungua, tunashusha sampu;
mimi nitashika taa.