Nilipinga

Daftari langu la vitenzi linanuka vitunguu.
Mwalimu Swabra hulishika kwa ncha za vidole,
hucheka, hulirudisha:
"Mbeyu, hata sarufi yako inatoa machozi."

Tunasoma juu ya duka la dawa, Kisauni,
Jumanne na Alhamisi, baada ya isha,
watu watano: askari wa lindo, wawili wa kupakua makontena,
Bi Rukiya wa ushonaji,
na mimi, katibu wa wauza vitunguu Kongowea,
niliyechaguliwa kwa kuwa hati yangu inasomeka.

Vitenzi vyao naviandika nilivyovisikia:
kleimu, disputi, rikwesti.
Kimoja, giv, ni kutoa tu, hakina neno.
Kikifuatwa na ap, umekata tamaa.
Kikifuatwa na in, umesalimu amri.
"Sasa kule kutoa kumekwenda wapi?" nikauliza.
Kwetu kitenzi huota mkia wake chenyewe:
toa, tolea, tolewa, tozwa
(hicho cha mwisho sokoni twakijua bila mwalimu).
Kwao mkia hutembea kando,
kama mtoto aliyenuna njiani.

Nilivitaka kwa sababu ya barua.
Ilikuja na muhuri, aya mbili.
Mwanangu Karisa akaisoma, akafasiri:
"Mtahamishwa."
Na nani? "Haikusema."
Lini? "Itatangazwa."
Imeamuliwa, imeonekana, imependekezwa:
mikokoteni inashuka mteremko
na hakuna anayesukuma.
Nilidhani ni ujanja wa Kiingereza.
Kisha nikakumbuka glasi ya juzi, vipande chini ya meza,
na Karisa huyu huyu mlangoni:
"Imevunjika, mama."
Imevunjika!
Ujanja huo tunao, tena tangu utotoni.

Wiki tatu nikajizoeza kitenzi kimoja.
Nikipima kilo, obijekti.
Nikifunga gunia, wi obijekti.
Mteja mmoja akadhani nakataa bei yake,
akaniongezea shilingi kumi.

Siku ya maoni, ukumbi wa Tononoka,
feni inazunguka kama imelazimishwa.
Afisa wa kaunti alikuwa na tai ya samawati,
na jicho lake halikubanduka kwenye saa.
Nikasimama. Goti la kushoto likaniaibisha.
Nikakisema kitenzi changu chote, bila kukimeza,
kisha Kiingereza kikaisha kama tokeni ya stima,
nikamalizia kwa Kiswahili:
aliyeamua ana jina. Tupeni.
Watu wakapiga makofi. Afisa akaandika kitu.
Nikarudi nyumbani, nikala mbaazi, nikalala.

Kumbukumbu za kikao zilikuja baada ya mwezi,
kurasa sita, Kiingereza kitupu.
Zamani ningetia sahihi chini,
pale palipowekwa alama ya penseli.
Nikasoma kwa kidole, kama mtoto wa chuoni.
Ukurasa wa nne, jina langu, limekosewa herufi,
na kando yake kitenzi ninachokijua,
welikamu, kimevikwa wakati uliopita.
Nilikaribisha.
Eti mimi, nilikaribisha kuhamishwa.

Sikulia; hiyo ni kazi ya vitunguu.
Nikachukua kalamu nyekundu ya kuandikia madeni,
nikalikata neno kwa mstari mmoja,
juu yake nikaandika kile changu,
safari hii kwa herufi zao,
na ule mkia wa mwisho ambao hunitoroka
nikaushika, nikaufunga.

Karani alizungusha karatasi mara mbili.
"Nani kakusahihishia?"
"Nimesahihisha mwenyewe."
Akaisukuma pembeni, chini ya nyingine.
"Sawa, mama. Itashughulikiwa."

Nikavuta kiti,
nikafungua daftari ukurasa mpya,
nikamwomba aniandikie jina lake.